Milango Sita Iliyokataa Kuingia: Tujifunze Kuchora Kazi Yetu kwa Kompyuta



Katika kurasa kama hizi tumezoea kuongea juu ya kuku, mboga za gunia, na namna ya kuandika vitabu vya hesabu ya kikundi. Leo nataka tuongee juu ya jambo ambalo wengine watasema si letu: kuchora kazi ya ufundi kwa kompyuta. Naomba usifunge jarida bado. Mimi ni mfanyakazi wa huduma za jamii. Diploma yangu ni ya mambo ya watu, si ya mashine. Mpaka nilipofika miaka arobaini na kitu sikuwa nimechora chochote isipokuwa ile ramani ya kijiji tunayochora chini kwa mkaa na mawe wakati wa mikutano. Kilichonipeleka mbele ya kompyuta ni milango sita ya choo.

Kuna kikundi cha akina mama na vijana upande wa Viwandani. Kwa msomaji asiyeijua Nairobi, Viwandani ni mtaa wa nyumba za mabati katika eneo la Makadara, umebanwa kati ya viwanda na mto Ngong. Huko choo si jambo dogo. Kikundi kiliweka akiba muda mrefu, kikapata mahali, kikaamua kujenga vyoo na mabafu, vyumba sita, watu walipe kidogo kila wanapotumia. Kijana mmoja anayejua kuchora aliwatengenezea ramani. Nafasi ya kila mlango aliandika 750, maana yake milimita 750. Mwashi akajenga hivyo hivyo.

Kuta zilipokauka, mama mwenyekiti akampigia simu fundi wa kuchomelea chuma. Akamwambia, "Kijana wangu, nitengenezee milango sita, futi mbili na nusu." Ndivyo watu wote wa mtaani wanavyosema. Fundi akapiga kazi siku nne, milango ikapakiwa kwenye mkokoteni, ikafika. Wa kwanza ukakataa kuingia. Wa pili pia. Yote sita ikakataa.

"Lakini Mama, si nilifanya vile ulisema?" fundi akauliza. Na ni kweli. Fundi alifanya aliloambiwa. Mwashi alijenga alilochorewa. Mama alisema alivyozoea kusema. Hakukuwa na mwongo hata mmoja pale, lakini jioni hiyo maneno yalikuwa makali. Kazi ya kukata milango na kuichomea upya ilimeza michango ya wiki tatu. Wengine wakaanza kunong'ona ati mwenyekiti amekula pesa na fundi. Wanachama wawili wakadai hisa zao wakaondoka, mmoja wao rafiki yake mama huyo tangu ujana. Niliitwa kupatanisha. Nilikaa kwenye benchi nikiwasikiliza, na nikaona kwamba hapa sina la kupatanisha mpaka nielewe ile hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Futi moja ni milimita 304.8. Kwa hiyo futi mbili na nusu ni milimita 762. Nafasi ilikuwa 750. Milimita 12 zimezidi, yaani upana wa kidole chembamba. Zaidi ya hapo, fremu ya chuma haiingizwi ukutani ikiwa imebana kabisa. Inahitaji kupumua kidogo, tuseme milimita 5 kila upande. Basi fremu ilitakiwa kuwa 740, na ile iliyoletwa ilizidi kwa milimita 22. Hicho ndicho kilichowagombanisha watu waliokuwa wakila pamoja.

Picha na mchoro

Wengi wetu tukienda kwa fundi tunamwonyesha picha kwenye simu. "Nataka kama hii." Hakuna ubaya, lakini picha inaonyesha uzuri wa kitu. Mchoro wa kiufundi unaonyesha ukubwa wake. Hauna kivuli wala rangi. Ni mistari na namba, na kila fundi anayejua kuusoma atasoma jambo lile lile, awe Makongeni au Kisumu.

Mchoro tunaouongelea leo ni wa pande mbili tu: upana na urefu, au upana na kina. Kitu kile kile huchorwa mara kadhaa, kila mara ukikitazama kutoka upande mmoja. Ukikitazama uso kwa uso, huo ni mwonekano wa mbele. Ukiwa kama ndege anayepita juu ya nyumba iliyoezuliwa paa, hiyo ndiyo ramani ya chumba. Ukikata kitu katikati kama unavyokata papai uone mbegu, hapo unapata mkato, na ndani yake unaonekana unene wa ukuta, wa mbao au wa bomba. Kwa meza ya shule ya nasari utahitaji mionekano mitatu. Kwa mlango, mwonekano wa mbele na mkato mmoja vinatosha.

Kitu kimoja kilinishangaza. Nilidhani vijana watanitangulia, na kweli walijua kompyuta kuniliko. Lakini aliyeelewa mchoro kwanza kuliko sisi wote ni yule yule mama mwenyekiti. Yeye ni fundi cherehani. Alipoelezwa kwamba fremu lazima iwe ndogo kuliko nafasi ya ukuta, alicheka akasema, "Kumbe ni kama nafasi ya mshono!" Mshonaji hukata karatasi ya mfano kabla ya kugusa kitambaa, na huacha nafasi ya mshono kila upande, la sivyo nguo haimtoshi mwenyewe. Alikuwa amefanya hivyo miaka ishirini. Hakuna aliyemwambia kwamba chuma nacho kina mfano wake wa karatasi.

Kwa nini kompyuta?

Unaweza kuchora kwa mkono. Kama kikundi chako hakina umeme, anza hivyo na usione aibu: karatasi, penseli iliyochongwa vizuri, rula na kipembe cha shule. Mafundi wengi wazuri wa Nairobi walijifunza hivyo. Shida ya mkono ni kubadilisha. Mteja akisema mlango upungue inchi mbili, unafuta, karatasi inachafuka, mwishowe unaanza upya. Kwenye kompyuta unausogeza mstari, basi.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1963, katika chuo cha MIT huko Marekani, mwanafunzi Ivan Sutherland alionyesha programu aliyoiita Sketchpad, ambayo mtu aliweza kuchora nayo mistari juu ya skrini kwa kalamu ya mwanga. Kompyuta yake ilikuwa mashine kubwa ya maabara. Mwaka 1982 kampuni ya Autodesk ilitoa AutoCAD, iliyofanya kazi kwenye kompyuta ndogo za mezani, na polepole meza kubwa za kuchorea zikaanza kutoka katika ofisi za wasanifu. AutoCAD ni nzuri, lakini leseni yake ni ya kulipia, na si pesa ya chama cha mtaani.

Sisi tulitumia LibreCAD. Hii ni ya bure kabisa, na ni bure kwa haki, si ile ya kuiba ambayo jamaa wa saiba hukuwekea pamoja na virusi. Ilitokana na programu nyingine iitwayo QCAD, ambayo sehemu yake iliachwa wazi ili watu waiendeleze. Inachora pande mbili tu, kwa hiyo haihitaji kompyuta yenye nguvu nyingi. Tulikuwa na kompyuta tatu za mtumba katika chumba cha nyuma cha ukumbi, na moja kati yake ilikuwa ikilia kama posho mill, lakini ilichora. Intaneti unaihitaji siku ya kuchukua programu tu. Baada ya hapo unaweza kufanya kazi hata kama huna bando.

Mwalimu wetu alikuwa kijana aliyesomea ujenzi katika chuo cha ufundi na hakuwa amepata kazi. Tulikutana Jumamosi mchana, watu tisa kwa kompyuta tatu. Wiki ya kwanza ilikwisha kwa kujifunza kushika mausi. Nasema hivi ili mtu asikate tamaa. Kidole cha mtu aliyefua nguo maisha yake yote hakizoei kubofya kwa siku moja.

Tuchore mlango ule ule

Nitaeleza tulivyouchora mlango wa choo, hatua kwa hatua, kwa sababu ukiujua huo unaweza kuchora dirisha, meza, kibanda cha kuku au geti.

Kabla ya kugusa kompyuta, tulirudi ukutani na tepu. Mwalimu alitulazimisha kupima upana wa kila nafasi mara tatu: juu, katikati na chini. Kisha tukachukua ule mdogo kuliko yote. Ukuta wa mtaani hauko wima kama kwenye kitabu. Uliza pia kama plasta imeshapigwa. Plasta ya milimita 12 kila upande itakula milimita 24 za nafasi yako, na hapo mlango uliopimwa vizuri kabisa wiki iliyopita utakataa kuingia leo. Sisi tulipata upana wa 750 na urefu wa 2000, plasta ikiwa imekwisha.

Ukifungua programu, kwanza iambie kwamba unatumia milimita. Ndipo ukumbuke kanuni ambayo wanaoanza huishangaa: kwenye kompyuta unachora kitu kwa ukubwa wake wa kweli. Mlango wa milimita 2000 unachorwa 2000. Usianze kugawanya kwa kumi ili utoshee karatasi. Skrini ni kama dirisha, unaweza kusogea karibu au kurudi nyuma, lakini kitu kinabaki na ukubwa wake. Kupunguza kwa skeli ni kazi ya siku ya kuchapa.

Kila nukta kwenye skrini ina anwani ya namba mbili. Ya kwanza inasema umeenda kulia kiasi gani, ya pili umeenda juu kiasi gani. Kona ya chini kushoto ya nafasi yetu ya mlango tuliipa anwani 0,0. Ni kama kusema, "Nasimama kwenye geti la ukumbi, kila kitu nitakipima kutoka hapa." Ukichagua kifaa cha mstari, unaandika 0,0 kwenye mahali pa kuandikia amri, kisha @750,0. Ile alama @ inamaanisha "kutoka pale nilipo sasa". Kwa hiyo @750,0 ni kusema tembea 750 kulia, usipande juu hata kidogo. Halafu @0,2000, panda juu. Halafu @-750,0, rudi kushoto. Kisha unafunga mpaka pale ulipoanzia. Tayari una nafasi ya ukuta.

Angalieni hapa, maana kosa hili lilitusumbua Jumamosi nzima. Koma katika programu hii hutenganisha namba mbili. Ukiandika 1,990 ukidhani umeandika elfu moja mia tisa na tisini kama unavyoandika shilingi kwenye risiti, kompyuta itaelewa moja kulia, mia tisa tisini juu. Mstari utakwenda mahali pa ajabu. Andika 1990 bila koma. Na kama kuna nusu, tumia nukta.

Sasa fremu. Tuliacha milimita 5 pande zote. Kwa hiyo tulianzia 5,5, tukapanda @0,1990, tukaenda kulia @740,0, tukashuka @0,-1990. Fremu ya choo chetu haina chuma cha chini, ili maji yapite mtu akiosha sakafu. Hiyo ndiyo mistari ya nje. Fremu ni ya skwea tyubu ya inchi moja na nusu, ambayo ni milimita 38. Mistari ya ndani hatukuichora kwa kupima upya. Kuna kifaa cha mstari sambamba: unakiambia 38, unagusa mstari wa nje, nacho kinaweka mwingine kando yake. Pale kwenye kona mistari ikipishana, kuna kifaa cha kukata ziada. Ni kama mkasi. Mama mwenyekiti alikipenda hicho kuliko vyote.

Ndani ya fremu inabaki 740 toa 38 mara mbili, yaani 664. Mlango wenyewe hauwezi kuwa 664, maana hautafunguka. Tuliacha milimita 4 kila upande kwa ajili ya bawaba, zile fundi huita hinji, na kwa ajili ya rangi. Mlango ukawa 656. Kwa urefu, 1990 toa 38 ni 1952. Tukaacha 4 juu na 10 chini, ukawa 1938. Tukauchora tukianzia 47,15. Ukipenda, chukua kalamu ujumlishe uone kwa nini ni 47: tano, thelathini na nane, nne.

Kitu kingine ni kunasa. Ukitaka mstari uanze hasa mwisho wa mstari mwingine, usikadirie kwa macho. Jicho linadanganya. Unawasha kunasa kwa ncha, na mausi ikikaribia inajishika yenyewe, kama sumaku inavyonasa msumari. Kuna kunasa kwa katikati, kwa makutano na kwa kituo cha duara. Michoro yetu ya kwanza ilionekana mizuri, lakini ukisogea karibu uliona mistari haijagusana. Mchoro wa hivyo hutoa vipimo vya uongo.

Tulitumia pia leya. Leya ni kama karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga, zimepangwa moja juu ya nyingine. Ukuta tuliuweka kwenye leya yake, chuma yake, vipimo yake. Ukitaka kumpa fundi chuma peke yake, unaificha ile ya ukuta. Mwisho unaweka vipimo: unagusa ncha mbili, kompyuta yenyewe inaandika namba. Hapa ndipo tulipojigundua. Kama ulikosea mahali, namba itatoka 737.6 badala ya 740, na huwezi kumlaumu mtu.

Mchoro unaponunua chuma

Mpaka hapa unaweza kusema, sawa, mlango utaingia, lakini fundi mzuri mwenye tepu si angefanya hivyo? Ni kweli. Faida ambayo hatukuitarajia ilikuja tulipoanza kununua, maana mchoro ulitupa orodha ya kukata.

Skwea tyubu kwenye hadwea za Nairobi kwa kawaida huuzwa kwa urefu wa mita 6, yaani milimita 6000. (Ipime kabla ya kulipa. Nyingine haifiki.) Fremu moja inahitaji vipande viwili vya 1990 na kimoja cha 740. Jumla ni 4720. Kwa hiyo mtu anayenunua kwa kukadiria atasema tyubu moja kwa kila fremu, tyubu sita kwa fremu sita, na kila moja ibaki kipande cha zaidi ya mita moja ambacho kitaishia kwenye kona ya kibanda cha fundi.

Sasa tazama orodha nzima kwa pamoja. Vipande vya 1990 viko kumi na viwili. Vitatu vinatoka kwenye tyubu moja: 5970. Inabaki 30, na diski ya kukatia hula kama milimita 3 kila mara, kwa hiyo inatosha. Tyubu nne zinamaliza vyote kumi na viwili. Vile vya 740 ni sita, na tyubu moja inavitoa vyote, hata kubaki. Jumla tyubu tano, si sita. Akina mama waliimaliza hesabu hiyo kwenye karatasi kabla kijana wetu hajapata kikokotoo.

Mlango wenyewe ulikuwa wa tyubu ya inchi moja, milimita 25. Wima viwili vya 1938, na vya kulala vitatu. Vya kulala vinakaa katikati ya vya wima, kwa hiyo ni 656 toa 50, yaani 606. Jumla ya mlango mmoja ni 5694. Hapo tyubu moja kwa mlango mmoja ndiyo sawa, na hata ukipanga vipi huokoi kitu. Mchoro hautengenezi muujiza. Unakuambia tu mahali pesa ilipo na mahali haipo.

Na jambo hili lina uzito mwingine. Kikundi kikienda kuuliza bei kwa mafundi watatu kikiwa na karatasi ile ile yenye vipimo na orodha ya chuma, bei hizo zinaweza kulinganishwa. Bila karatasi, huyu anakupa bei ya chuma chembamba, yule ya kizito, na unadhani wa kwanza ni mwaminifu. Mhazini akiulizwa kwenye mkutano kwa nini tyubu tano, anafungua faili. Naamini kama ile karatasi ingekuwepo siku ya mkokoteni, wale wawili wangekuwa bado nasi.

Siku ya kuchapa

Karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297. Mlango wa 750 kwa 2000 hautoshei, kwa hiyo ndipo skeli inapokuja. Tulichagua 1:10, maana yake kila milimita moja ya karatasi ni milimita kumi za ukutani. Upana unakuwa 75, urefu 200, na nafasi ya vipimo inabaki.

Kwenye saiba kuna mtego. Mashine ya kuchapa hupenda kunyoosha au kubana mchoro ujae karatasi, na hapo skeli inaharibika bila mtu kujua. Ukipokea karatasi, weka rula juu yake papo hapo. Mstari wa 750 uwe milimita 75 kamili. Ukiwa 72, rudisha. Hata hivyo, mwambie fundi asipime kwenye karatasi kwa rula yake. Asome namba zilizoandikwa. Karatasi hunyooka na kujikunja, namba haikunjiki.

Pembeni ya mchoro weka kisanduku chenye jina la kazi, jina la aliyechora, aliyepima, tarehe, skeli, idadi ya vipande, na neno "vipimo vyote ni milimita". Hilo neno la mwisho ndilo lililokosekana kwenye simu ya mama. Ukibadilisha kitu, andika tarehe mpya na uichane ile karatasi ya zamani. Karatasi mbili tofauti mikononi mwa mafundi wawili ni mbaya kuliko kukosa karatasi.

Na hifadhi kazi kila dakika chache. Stima yetu unaijua. Programu hii huhifadhi katika faili la DXF, ambalo programu nyingine nyingi za kuchora hulifungua, kwa hiyo ukimpelekea mtu mwenye AutoCAD ataiona kazi yako. Weka nakala kwenye flashi ya mtu mwingine, si ile ile iliyo mfukoni mwako.

Mpaka wa kazi hii

Lazima niseme hili wazi, maana nimeshaona vijana wakichangamka kupita kiasi. Kujua kuchora mlango hakukufanyi msanifu wa majengo. Hapa Kenya, anayejiita msanifu wa majengo lazima awe amesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Wasanifu na Wakadiriaji wa Ujenzi, Sura ya 525. Ramani za jengo zinazopelekwa kaunti kuidhinishwa, na hasa hesabu za nguzo, mihimili na msingi, si kazi ya mtu wa Jumamosi mchana. Tuliobaki na kumbukumbu ya usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa lilipoanguka Huruma na watu karibu hamsini kufa, hatuwezi kuchezea hilo. Chora meza, milango, madirisha, mabanda, mpangilio wa vitanda katika bweni. Ukifika kwenye ghorofa, tafuta mhandisi.

Lakini hata pale ambapo huruhusiwi kuchora, kusoma mchoro kunakusaidia. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango, ikiwemo Viwandani, na baadaye wakazi waliitwa kutoa maoni juu ya barabara, maji na mahali pa kuishi. Katika mikutano ya namna hiyo, mtu asiyejua kusoma ramani hukaa nyuma na kupiga makofi. Anayejua skeli ataweka kidole na kuuliza, "Hii barabara ya mita tisa, si inapita juu ya nyumba yangu?" Nimeyaona yote mawili.

Kwa anayetaka kuendelea, vyuo vya ufundi vya kaunti, vile tulivyozoea kuviita vijana polytechnic, hufundisha kuchora pamoja na ufundi wa chuma, mbao na ujenzi. Mafundi wa jua kali wenye ujuzi wa mikono wanaweza kufanya mtihani wa daraja chini ya NITA na wapate cheti. Kikundi kisichokuwa na kompyuta kinaweza kuanza na moja tu, na mtu mmoja anayejua. Muhimu watu wasizidi watatu kwa kompyuta, la sivyo mmoja anachora na wengine wanaangalia kama sinema. Na msiwaachie vijana wa kiume mausi yote. Kwetu tuliweka saa mezani, kila mtu dakika kumi.

Ile milango sita? Ilikatwa, ikachomewa upya, ikaingia, na alama za kuunga bado zinaonekana chini ya rangi ya kijani. Kikundi sasa kinajenga chumba cha pampu ya maji. Mlango wake mama mwenyekiti aliuchora mwenyewe, Jumamosi mbili, na karatasi imepigwa msumari kwenye kibanda cha fundi yule yule. Chini yake kuna sahihi mbili, ya mama na ya fundi. Niliona fundi amezungushia namba 740 duara kwa chaki.